Mahali pa Maksai Kujibu

Kila ninapopanda jukwaani Kakuma watu hudai wimbo mmoja, nami huwapa mwingine. Wananung'unika, wengine wanaondoka mapema, na wanaonialika wanazidi kupungua. Mwenzangu mmoja aliwahi kuniambia kwamba ninapiga teke sufuria yangu mwenyewe. Labda ni kweli. Lakini wimbo ule haukuwa wangu.

Baba alikuwa bawabu wa shule ya msingi hapa Lodwar, na sikumbuki asubuhi hata moja ya utoto wangu aliyofagia uwanja wetu bila kuimba. Wimbo ulikuwa huo huo mmoja. Kwetu Waturkana mwanamume huchagua maksai kundini, akampenda waziwazi, akamtungia wimbo, na wenzake wa rika wakaanza kumwita yeye kwa jina la rangi ya maksai huyo. Wimbo ni wake. Wengine huitikia anapouimba, lakini hakuna mwingine anayeuanzisha wakati mwenye wimbo yu hai. Kila maksai alipokufa, baba alitafuta mwingine wa rangi ileile, mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, na wimbo ukaendelea. Huyu wa mwisho alikuwa wa tatu. Aliishi kwa baba mdogo, upande wa Kataboi, kwa sababu mjini hakuna majani ya kumshibisha hata mbuzi mvivu.

Katikati ya wimbo baba aliweka ufagio chini na kunyanyua mikono kama pembe, wa kushoto ukiinamia mbele, wa kulia ukirudi nyuma, kama pembe za maksai mwenyewe zilivyokuwa. Kisha alinyamaza. Nilipokuwa mdogo nilidhani amesahau maneno. Mama akaniambia hapana, hapo anamngoja maksai ajibu. Maksai alikuwa Kataboi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Nilicheka hadi mama akanifukuza jikoni.

Nilipokua nilitaka kujulikana. Wasanii wenzangu husema walitaka kuelimisha jamii. Mimi nilitaka nikipita mjini watu wageuke. Niliimba nyimbo za mapenzi kwa Sheng ya kuokoteza, na aliyegeuka alikuwa jirani tu, akinitaka nipunguze sauti. Ndipo nikaenda Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa mtayarishaji muziki mmoja kutoka Kongo. Studio yake ilikuwa chumba cha matofali ya udongo, kuta zimefunikwa magodoro, na joto la humo lingeweza kuivisha maharagwe. Tulirekodi nyimbo mbili, zote zikafa siku ile ile. Akaniuliza kama sina kitu cha nyumbani. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni maksai wa baba.

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipofika mahali pa kungoja nikanyamaza, kwa mazoea tu, naye akafumbua.

"Dada, hapa katikati kuko kimya mingi," alisema. "Batu batafikiri simu imekufa. Tuitoe."

Nilikubali kabla hajamaliza. Tukatia ngoma ya kukimbia, wasichana wa Kalobeyei, makazi jirani na kambi, wakaitikia, na pale palipokuwa kimya ngoma ikapita moja kwa moja. Baba sikumwuliza. Nilijiambia atafurahi akiusikia. Mtu mwenye haraka hujidanganya kwa urahisi sana.

Wimbo ulishika. Uliimbwa harusini, ukachezwa dukani, wenye bodaboda wakaufungulia kutoka Kakuma mpaka Lodwar, na wagombea wawili waliokuwa hawasalimiani wakautumia katika msimu mmoja wa kampeni. Mashirika yakaanza kunialika. Niliimba nikiwa nimevaa fulana ya kuhimiza kunawa mikono, nikaimba nikiwa na fulana ya chandarua. Watu wakaanza kuniita kwa jina la rangi ya maksai, lile lile ambalo wazee humwitia baba. Kichwa kikavimba. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema hutunzwa kwa mali ya nani.

Kuna siku moja ambayo bado ninaionea haya. Nilikuwa nimemsindikiza baba sokoni Lodwar kutafuta kandambili. Vijana wa bodaboda wakaita lile jina kwa sauti. Baba akageuka, akainua fimbo yake, akaitikia salamu, "Ejok", kwa furaha ya mtu aliyekumbukwa na watoto wa watu. Walikuwa wananitazama mimi, simu ziko juu.

"Mzee, sogea kidogo," mmoja akamwambia, "tunapiga picha."

Akasogea. Nami nikatabasamu. Picha hiyo bado ipo, na ukiiangalia vizuri utaona pembeni ncha ya fimbo yake.

Baada ya hapo mama alinipigia simu Kakuma akaniambia baba anafagia kimya. Nikamjibu kwamba ni uzee. Nilikuwa na onyesho jioni hiyo na nywele hazijasukwa.

Kisha ukame ukaja, ule wa mizoga kando ya barabara. Nilikuwa Kalobeyei wiki nzima, nikiimba kwenye mikutano ya kuhamasisha watu, na kila jukwaa walitaka wimbo ule mara mbili. Niliporudi Lodwar nikiwa na viatu vipya nilimkuta baba amekaa kando ya ukuta. Mama ndiye aliyeniambia. Maksai alikuwa amekufa Kataboi siku sita nyuma, na baba mdogo alijaribu kumnyanyua kwa kamba na mti hadi mwisho.

Nilimwuliza baba kwa nini hakunipigia. Tulizungumza Kiturkana, Kiswahili hiki ninakiweka mimi.

"Niliambiwa maksai mko naye Kalobeyei," alisema. "Mnacheza."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningejua la kufanya, maana hasira ninayo ya kutosha na ya kuwagawia majirani. Badala yake nikakasirika mimi. Nikamwambia nimempa heshima ambayo hakuna mzee wa rika lake aliyewahi kuipata, kwamba kaunti nzima inamjua maksai wake, kwamba hata Wasomali na Wakongo wanaimba rangi yake bila kuijua maana. Baba alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Wanamjua," akasema. "Lakini umetoa mahali pake pa kujibu."

Mama akanieleza nje, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Baba alikuwa amejaribu kuimba. Kila akianza anaisikia ngoma yetu ikimsukuma, na akifika pale pa kungoja anajikuta ameshapita. Maksai mwingine hatatafuta, bega lake limeharibika na umri umekwenda. Kilichokuwa kimebaki cha maksai wote watatu ni wimbo ule, na wimbo wenyewe sasa ulikuwa unamkimbia. Nililia pale pale, kando ya banda la kuku, na sikujali nani ananiona.

Nilipanda pikipiki na malori hadi Kakuma nikamwambia Mkongo wangu auondoe wimbo mtandaoni. Hakunicheka. Alinionyesha simu yake, kisha akaelekeza kidole mlangoni, kambini kote, na nikaelewa: maji yakimwagika hayazoleki. Tulikaa. Akaniambia baba yake mwenyewe alikuwa mwimbaji huko kwao, na kwamba katika kukimbia vita nyimbo zilimtoka mzee huyo moja moja mpaka ya mwisho.

"Wa kwako angali mzima," alisema. "Enda umuombe."

Kuomba. Katika mambo yote niliyoyafanya kwa ajili ya ule wimbo, hilo sikuwa nimelifanya.

Nilifika nyumbani asubuhi, baba ameshika ufagio. Nikauchukua mkononi mwake, nikauegemeza ukutani.

"Baba, naomba wimbo wako," nikasema. "Nifundishe."

Baba akavuta ekicholong, kigoda chake kidogo cha mti, akakaa, akaashiria nianze. Nikaanza. Maneno yalikuja. Nilipofika mahali pale nikanyanyua mikono, na kabla sijajua nilikuwa nimeshaingia ubeti unaofuata. Ngoma ilikuwa kinywani mwangu. Baba akainua kidole.

Nikarudia. Mara ya pili nilinyamaza, nikahesabu moyoni moja hadi nne, nikaingia. Kidole tena.

Mara ya tatu aliinuka akaja nyuma yangu. Akaushika mkono wangu wa kushoto akauinamisha mbele, akaushika wa kulia akaurudisha nyuma, kwa subira ile ile aliyokuwa nayo aliponifundisha kufunga kamba za viatu vya shule. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko nilivyoizoea.

"Mama," alisema, maana nilipewa jina la mama yake na hivyo ndivyo huniita akinipenda, "usihesabu. Hajajibu."

Nikasimama hivyo. Mabega yakaanza kuuma. Pikipiki ilipita barabarani ikiwa imefungulia wimbo wangu, na mtu akaita lile jina kutoka nje ya ua. Sisi wawili hatukugeuka. Vumbi likatulia, mbuzi wakaendelea na mambo yao, na bado tukangoja, mpaka nikaacha kujiuliza tunangoja hadi lini.

Kisha nikamsikia baba akivuta pumzi, akauanza ubeti unaofuata kwa sauti yake mwenyewe. Nikashusha mikono, nikaitikia.