Mama Alipofuta Kikapu Changu

Mpira wetu wa kikapu ulinuka mawese. Wengi wetu tulifika mazoezini moja kwa moja kutoka kwenye masufuria ya mama zetu, tulikokuwa tukikaanga mandazi ya kuuza, na harufu ile haikutoka hata tuusugue mpira kwa sabuni. Uwanja wa parokia hapa Kalemie ulikuwa wa saruji iliyopasuka. Mistari tuliichora kwa majivu kabla ya kila mechi, na upepo wa ziwani uliifuta kabla ya mapumziko. Nilikuwa na miguu mirefu na kiburi cha kutosha timu nzima, na kiangazi kile nilitaka kitu kimoja tu, nacho ni treni ya Kongolo. Timu ya wasichana ambayo ingeshinda fainali ingepelekwa kucheza huko, nami sikuwahi kulala nje ya mji wetu.

Siku ya fainali waamuzi hawakutokea. Ikitokea hivyo, kwetu timu mbili hukubaliana juu ya mzazi mmoja, na mama yangu, aliyecheza sana ujanani, alizijua sheria kuliko wazazi wote. Kocha wa wapinzani ndiye aliyemwendea. "Mama Zawadi, shika filimbi wewe. Siye tunakuamini." Zawadi ndiye mimi. Mama alisita, akaniangalia, kisha akaivaa shingoni.

Tulikuwa nyuma kwa pointi moja na mchezo ulikaribia kuisha nilipokimbia na mpira hadi chini ya kikapu. Msichana mmoja akajitokeza mbele yangu, tukagongana vifua, akaanguka chali nami juu yake, na mpira ukaingia. Hakuna uamuzi unaochosha kama huo. Ikiwa mlinzi alikwisha kusimama mahali pake, kosa ni la mwenye mpira na kikapu kinafutwa. Ikiwa alichelewa akajitupa njiani, kosa ni lake na kikapu kinahesabiwa. Mwamuzi lazima awe ameitazama miguu ya mlinzi kabla ya kishindo, maana baada ya hapo wote wako chini na wote wanalalamika. Mama alipiga filimbi, akagonga ngumi kwenye kiganja. Kosa lilikuwa langu, na treni ikaondoka na wenzetu.

Nililia sana. Lakini mtaa mzima ulimsifu mama aliyempigia filimbi mwanawe wa kumzaa, na haukupita muda akaanza kuitwa kuchezesha mechi za mji mzima. Machozi yangu yalipokauka nami nikaanza kujivuna. Nilijiambia kwamba kama mama aliweza kuona haki hata mbele ya damu yake, basi haki ipo. Kwa sababu ya uamuzi ule nami nilikuja kuwa mwamuzi.

Sasa magoti yananiuma. Nimetukanwa kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kiluba. Uwanja umepakwa rangi na mistari haifutiki tena, lakini vijana wananifuata na video za mechi kwenye simu zao hadi getini, wakiniita mwamuzi kwa Kifaransa: "Arbitre, ona mwenyewe." Wiki iliyopita, baada ya mechi ya namna hiyo, nilikwenda kukaa uani kwa mama, nikamwuliza siku ile aliwezaje kuiona miguu ya yule msichana. Hakuacha kuchambua sombe, majani yake ya muhogo.

"Sikuona miguu ya mutu, mwanangu. Nilikuwa naangalia wewe tu. Ule mutoto nilimuona wakati amekwisha kuanguka. Nikaogopa watu watasema nimekupendelea, nikapiga."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unajivunia mie sana."

Nilitaka kukasirika, nikakuta sina nguvu. Mechi yetu haikupigwa picha na mtu yeyote. Siku hizi hakuna mgongano usio na ushahidi, na bado hatuaminiani. Jumamosi binti yangu anacheza. Wamenipigia simu kuniomba nichezeshe, nimewaambia watafute mwingine. Nataka kumwangalia yeye tu.