Mikono Niliyoishikanisha Ukutani

Mimi mchoraji wa Iringa, na ujuaji wangu umeniponza. Kijiji kimoja cha Wanyakyusa kiliniita nichore historia yao kwenye ukuta wa ghala. Mzee Ambilikile na dada Tumpe wakakubali niwachore kama waanzilishi wa kijiji. Ila mmoja akitokea, mwingine anakimbilia migombani. Nikajua wamegombana. Nikawapatanisha kwa brashi: nikawachora wameshikana mikono, wanacheka.

Siku ya uzinduzi pazia likaanguka. Tumpe akajifunika kanga usoni. Mzee akaupa ukuta mgongo.

“Fundi,” mwenyekiti akaninong'oneza, “huyu ni mke wa mwanawe. Kwetu mkwe hamtazami baba mkwe, hata njiani humpisha. Ndiyo heshima yenyewe.”

Nikautazama ukuta. Mimi mwenyewe ndiye niliyedai rangi isiyofutika.