Siku Tuliyomwaga Komoni

Niliingia kwenye kikosi cha kujitolea cha kuzima moto kwa sababu ya mgongo wa mume wangu.

Tunakaa Matogoro, upande ule ambako nyumba zinaishia na nyasi za mlimani zinaanza. Kipupwe kikifika, asubuhi ukungu unakuwa mzito kiasi kwamba unaweza kumpa mbuzi shikamoo ukidhani ni mzee wa jirani. Mchana upepo unashuka kutoka msituni, mkavu, na nyasi zinakuwa kama karatasi. Wakati huohuo kila nyumba ina jiko la mkaa ndani, maana baridi ya Songea haina adabu, inakufuata mpaka kitandani. Mwaka ule kipupwe kilikuwa hakijakolea vizuri tukawa tumeshaunguliwa na nyumba mtaani. Ukaitishwa mkutano, ikakubaliwa kila kaya itoe mtu wa kujitolea.

Mume wangu alisimama mbele za watu, akajipiga kifua, akasema yuko tayari kufa kwa ajili ya mtaa huu. Watu wakampigia makofi. Tulipofika nyumbani, mgongo ukamshika.

"Mama watoto," akaniambia, amejinyoosha kwenye kochi, "hebu nenda wewe kwanza. Nikipata nafuu nitakupokea."

Mpaka leo hajapata nafuu. Mgongo wenyewe una akili sana: siku za mpira hauumi.

Basi nikaacha cherehani yangu barazani, nikavaa gambuti za shambani, nikaenda. Mwenyekiti wa kikosi alikuwa dereva mstaafu wa mabasi ya masafa marefu. Maisha yake yote alizoea kuwasemesha watu wasioweza kushuka, na alituchukulia hivyohivyo. Alituvika helmeti za bodaboda, mbili zikiwa hazina mikanda. Vifaa vyetu vilikuwa ndoo, magunia ya kulowesha, matawi mabichi ya kupigia moto, na filimbi moja aliyoivaa shingoni hata kanisani. Kila Jumamosi tulifanya mazoezi kwenye uwanja mdogo, tukipiga moto ambao haukuwepo.

Ubaya wa uwanja ule ni kwamba ulipakana na banda la komoni, pombe yetu ya kienyeji. Mwenye banda alikuwa mjane wa makamo, mwenye mikono mikubwa na ulimi mrefu, na wateja wake walitoa viti nje ili watutazame vizuri. Hawakuwahi kupata burudani ya bure kama ile.

"Enyi watalii wa moshi!" mama yule alitupigia kelele. "Moto uko upande gani leo?"

"Cheka tu, mama," mwenyekiti alimjibu. "Siku yako ikifika utatuita baba."

"Nikuite baba wewe? Kaloweshe gunia lako."

Mimi na mama huyo tulikuwa majirani, na nilikuwa na kazi moja kwake ambayo hakuna aliyenituma rasmi. Nyuma ya nyumba yake alikaa mama mkwe wake, bibi mmoja mwembamba, hawezi kutembea vizuri, kwenye kijumba chake cha nyasi. Marehemu mume ndiye aliyekuwa akiwapatanisha, na alipokufa wakaacha kusemeshana. Bibi alikuwa mtu wa rozari, na kwake komoni ilikuwa mlango wa jehanamu. Mkwe wake alimpikia kila siku, lakini hakumpelekea mwenyewe. Sahani ilipitia kwangu.

"Mwambie ugali wake mbichi," bibi aliniambia.

"Mwambie basi asile," mkwe alijibu.

Na kila siku sahani ilirudi imekombwa mpaka ua lililochorwa chini likaanza kufifia.

Wito wa kwanza wa kikosi ulikuja kwa simu ya mwenyekiti, Jumamosi, tukiwa tumepanga mstari. Mtandao ulikuwa mbaya. Tulimwona akiziba sikio moja, anapiga kelele, "Moto? Moto wapi? Kwa nani?" Halafu akapuliza filimbi mpaka macho yakamtoka. Mzee mmoja ng'ambo ya bonde, alisema, kuna moto kwake, ameomba tufike haraka.

Tulikimbia. Tuliteremka bondeni, tukachota maji mtoni, tukapanda upande wa pili na ndoo vichwani, helmeti zimeteleza usoni. Aliyetangulia alikuwa fundi baiskeli mmoja, Mwislamu mwenyeji wa Tunduru, mtu wa swala tano, mwenye miguu mirefu kuliko sisi wote. Tulipofika tulimkuta amesimama mlangoni kwa mzee, ndoo mkononi, hasogei mbele wala nyuma. Ndani ya ua watu walikuwa wamevaa nguo za sikukuu. Mjukuu wa mzee alikuwa amepokea komunyo ya kwanza. Kwenye moshi uliokuwa ukipanda, nguruwe mzima alikuwa akichomwa.

"Karibuni!" mzee akasema kwa furaha. "Mmesikia vizuri? Nilisema kuna kitimoto."

Maji yalikuwa yanatudondoka mabegani. Mwenyekiti alivua helmeti, akaiweka kwapani.

"Kikosi," akasema, "tumefika eneo la tukio. Tunamdhibiti."

Tulimdhibiti mpaka jioni. Fundi alipewa chai na viazi vitamu, akaenda kukaa upande ambao moshi haukuelekea, akatuangalia kwa huruma.

Habari ilifika kwenye banda la komoni kabla yetu. Kuanzia siku ile, kila tulipopita, mlevi mmoja alilia kama nguruwe. Watu wawili waliacha kikosi. Nami ningeacha, isipokuwa sikutaka kumpa mume wangu raha ya kusema, "Unaona sasa?"

Moto wa kweli ulikuja Jumapili, baada ya misa ya pili.

Wiki ile baridi ilikuwa kali, na komoni ikikaa kwenye baridi haichachi, inalala tu kama mume wangu. Mama wa komoni alikuwa amepika mapipa makubwa kwa ajili ya harusi ya watu, na siku ya harusi ilikuwa inakaribia. Basi akayavika mapipa mablanketi, akaingiza bandani jiko la mkaa lipashe hewa, akaenda kanisani kuomba. Aliomba nini sijui. Aliporudi, blanketi moja lilikuwa limeteleza likaangukia jiko, na moto ulishapanda kwenye nguzo.

Nilikuwa barazani navua viatu nilipomsikia. Hakulia kama watu wanavyolia. Aliita, "Jamani! Jamani!" kama mtu anayegombeza. Nilitoka na gauni la kanisani na gambuti. Mwenyekiti alikuwa amefika, anapuliza filimbi, na safari hii hakuna aliyecheka. Paa la banda lilikuwa linawaka upande mmoja, na upepo ulikuwa unapeleka cheche nyuma, moja kwa moja kwenye kijumba cha bibi.

Tulipiga simu zimamoto mjini, lakini njia ya kwenda kule ni ya miguu, imebanwa na michongoma pande zote. Gari lingefika barabarani tu. Bomba la mtaa siku hiyo lilikuwa linakohoa upepo. Tulikuwa na ndoo chache zilizojaa, tukazimwaga zote kwenye paa, zikatoa mvuke na kwisha. Mtoni ni mbali.

"Matawi! Pigeni chini!" mwenyekiti alipiga kelele. Lakini moto haukuwa chini, ulikuwa juu, na tawi halifiki juu.

Fundi baiskeli ndiye aliyeingia bandani, akatoka anakohoa, akasema, "Humu mna mapipa yamejaa."

Mama akaenda akasimama mlangoni pa banda lake linaloungua, amenyoosha mikono yake mikubwa.

"Hamgusi!" alisema. "Hiyo ni ya watu! Hamgusi komoni yangu!"

"Mama, toka hapo, utaungua," nilimwambia.

"Niungue!"

Hapo ndipo cheche zikashika nyasi za kijumba cha bibi. Tuliona wote: moshi mdogo mweupe, halafu mwali. Na kutoka ndani tukasikia sauti ya bibi, kavu, haina haraka, anaendelea na Salamu Maria.

Mama aligeuka akatazama. Sikupata nafasi ya kuusoma uso wake, maana aliingia bandani humohumo kwenye moshi, akatoka amekumbatia ndoo ya komoni, akakimbia nayo nyuma, akaimwaga juu ya paa la mama mkwe wake.

"Mnasubiri nini?" alitufokea. "Chota!"

Tukachota. Tulipanga mstari kutoka bandani mpaka kwenye kijumba, ndoo zikapita mkono kwa mkono. Hata wateja wa banda waliingia kwenye mstari, na nawaambieni kweli, niliona wanaume wazima wanatokwa machozi, na si kwa sababu ya moshi. Fundi alikuwa wa mwisho, juu ya ngazi, kwa sababu ya urefu wake. Kila alipopokea ndoo alisema, "Astaghfirullah," akaimwaga. Ndoo nyingine, "Astaghfirullah." Hakuruka hata moja.

Mimi na mama tuliingia ndani kumtoa bibi. Komoni ilikuwa inavuja kutoka paani kama mvua ya masika, nzito, ya vuguvugu, na bibi alikuwa kitandani amelowa mpaka kwenye kilemba, rozari imemnata vidoleni.

"Nini hii?" aliuliza.

"Mama, twende, nyumba inaungua," mkwe wake alimwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita.

"Nimekuuliza, nini hii inanimwagikia?"

"Komoni."

Bibi alilamba mdomo wa juu, nafikiri bila kukusudia.

"Mungu wangu," akasema. "Mmenibatiza upya."

Mkwe wake alimpa mgongo, nami nikampandisha. Alitoka amebebwa kama mtoto, ananuka kilabu kizima, na kwa mkono mmoja ameishika shingo ya mama yule kwa nguvu kiasi kwamba alama za kucha zilikaa siku kadhaa. Tulimweka chini ya mparachichi. Mama akapiga magoti mbele yake, akaanza kumfuta uso kwa kitenge, na ghafla akashindwa kufuta, akaweka kichwa chake kwenye mapaja ya bibi akalia. Sasa ndiyo alilia kama watu wanavyolia. Bibi alimwekea mkono kichwani, akautazama moto.

Banda liliteketea lote. Kijumba kilipona kuta na nusu ya paa. Hakuna aliyekufa, na mtaa mzima ulinuka sherehe.

Tulidhani yameisha. Jumamosi iliyofuata mama alikuja kwenye uwanja wetu wa mazoezi, akatusimamia mikono kiunoni.

"Mmenizimia moto, Mungu awabariki," alisema. "Sasa kuna watu wana harusi na hawana kinywaji. Mtanipikia."

"Mama," mwenyekiti akasema kwa sauti yake ya basi, "sisi ni kikosi cha uokoaji."

"Ndiyo. Niokoeni."

Tukampikia. Watu wa harusi walikubali kusogeza siku mbele, na jirani mwenye kimea cha ulezi akatupa chake. Nilikaanga unga uliochachishwa mpaka mikono ikatoa malengelenge. Mwenyekiti alikoroga pipa kwa mwiko mrefu kama kasia, akitoa amri kwa komoni kama alivyotuamuru sisi. Fundi alisema kuni na maji si haramu, akapasua kuni na kubeba maji, akageuza uso wakati wa kuchuja. Tulivaa gambuti muda wote, sijui kwa nini. Mama alizunguka nyuma yetu akituambia tumekosea.

Siku ya kuonja, mume wangu alifika wa kwanza, wima kama mlingoti. Bibi naye aliomba aletewe kidogo kwenye kikombe cha chai, apime tu, alisema, dhambi yenyewe ikoje. Alionja, akatafakari.

"Hii ni maji ya kunawia," alisema. "Ile iliyonimwagikia ilikuwa nzuri zaidi."

Mkwe wake alicheka mpaka akakaa chini.

Bibi hakurudi kwenye kijumba chake. Alihamia kwa mkwe wake, kwenye nyumba ya bati, chumba kinachopakana na jiko ambacho kipupwe hakikifikii. Msidhani walipatana. Wanagombana tangu alfajiri, kuhusu chumvi, kuhusu mlango, kuhusu marehemu alipenda nini. Wanagombana uso kwa uso, na mimi sibebi tena sahani.

Mvua zilipoanza, mama alijenga banda jipya, la bati. Bibi akataka kiti chake kiwekwe mlangoni, apate jua. Sasa anayetaka kunywa lazima kwanza ampite, na hakuna anayempita bila shikamoo. Akishaitikia marahaba anauliza: umetoka wapi, mkeo yuko wapi, watoto wamekula? Wateja kadhaa wamehamia kilabu cha upande wa pili, ambako hakuna bibi. Nilimwuliza mama kwa nini asimhamishie kiti uani.

"Nimeshamwambia," alisema, akisuuza vikombe. "Anasema ni yeye au komoni."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikamletea mto wa kukalia. Kile kiti ni kigumu."