Mzee wa Geti Hakuchukua Hata Senti

Nalisema jambo lenyewe kwanza, moyo usije ukarudi nyuma. Mzee aliyekuwa akikaa getini kwenye uwanja wetu wa mpira hakuwa mwizi. Aliyesababisha aitwe mwizi ni mimi. Nimelificha jambo hili miaka sita, na hata leo naliandika bila jina kwa sababu, jamani, sina ubavu wa kulisema mbele ya watu.

Mimi ni mwanamke wa Kagera niliyeolewa Mwanza. Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini nilikuwa karani wa uhasibu kwenye kiwanda kimoja cha pamba. Kiwanda kilikuwa na timu ya mpira, ya daraja la chini, lakini tuliipenda kama vile inacheza na Wazungu. Kwa kuwa nilijua vitabu, walinichagua kuwa mweka hazina wa timu. Mwanamke peke yangu katika kamati ya wanaume saba! Nilijivuna, sikatai.

Siku hizo timu haikuwa na shida. Kiwanda kilikuwa cha serikali, kilitoa jezi, posho na lori la kusafiria. Kiingilio cha getini kilikuwa cha kununulia soda za wachezaji tu. Kisha mambo yakageuka. Kiwanda kikaanza kutafutiwa mwekezaji, watu wakapunguzwa kazi makundi kwa makundi, na kamati ikaletewa barua kwamba kuanzia mwezi ule timu ijitegemee. Ijitegemee kwa kitu gani? Barua haikusema.

Wazo la kadi za msimu lilikuwa langu. Mtu alipe mara moja, aangalie mechi zote za nyumbani. Kiingilio kilikuwa shilingi mia tatu na mechi za nyumbani zilikuwa kumi. Mwenyekiti wetu, mfanyabiashara wa samaki aliyejua bei ya kila kitu, alitaka kadi iuzwe elfu mbili na mia tano. Mimi nikabisha. Nikasema watu wamepunguzwa kazi, tuuze elfu moja, watanunua wengi. Kamati ikanikubali. Wakanipigia makofi.

Kadi nilizipiga chapa mwenyewe kwa mashine ya ofisini, kwenye manila ya kijani, nikazigonga muhuri wa timu. Zilikwisha ndani ya wiki mbili. Watu waliokuwa wamelipwa kiinua mgongo walinunua zao, wakawanunulia na wake zao na mashemeji. Tukanunua viatu, tukalipa madeni ya nyuma, tukala pilau.

Getini tulimweka mzee mmoja, nitamwita Mzee Masalu ingawa si jina lake. Msukuma wa Kisesa, mpole, fundi mitambo wa kiwandani aliyepunguzwa kama wengine. Kamati ilimpa kazi ile kwa posho kidogo. Mkewe alikaa nje ya uzio na karai lake akikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya viwanda kutoa minofu, akiwauzia watazamaji.

Mechi ya nne ndipo nilipoona nilichofanya. Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta, lakini mfuko aliouleta Mzee Masalu ulikuwa mwepesi kama hauna kitu. Wote walikuwa na kadi! Fedha yao tulishaila, na mbele yetu kulikuwa na mechi za ugenini, posho za waamuzi, nauli.

Siku ile ningesimama mbele ya kamati niseme, wenzangu, nilikosea bei, tufanyeje? Ingekuwa aibu ya jioni moja. Sikusema. Nilikumbuka yale makofi.

Badala yake nikachapa kadi nyingine, za njano, za msimu unaofuata. Nikaziuza kimya kimya kwa bei ya chini zaidi. Niliwafuata watu mmoja mmoja, sokoni Mabatini, kanisani, hospitalini kwenye foleni. Nikawaambia ni bei ya urafiki, wasiwaambie wengine. Fedha nilizopata niliziandika kwenye kitabu kama mapato ya getini. Kamati ikafurahi. Mwenyekiti akasema geti letu linaingiza kuliko timu za daraja la juu.

Sikuiba hata shilingi. Kila senti iliingia kwenye nauli na chakula cha wachezaji. Nilijiambia maneno hayo kila nilipogonga muhuri, na kila nilipogonga nilijua kwamba naula msimu ambao haujafika.

Msimu ukafika. Niliiambia kamati nimeuza kadi hamsini tu, na ukweli ulikuwa karibu mia nne. Uwanja ukajaa tena, na mfuko wa geti ukaja na sarafu chache tu. Hakukuwa na mtu wa kumuuzia tena. Nilichapa kadi za msimu wa tatu, nikamwendea mama mmoja wa kwaya, akaniangalia na kuniuliza kwa upole kama nyumbani kuna mgonjwa. Nikarudi na kadi zangu kwenye mkoba.

Tukapangiwa mechi ya ugenini Geita. Fedha ilitosha nusu ya kukodi lori. Nilimdanganya mwenye lori kwamba nyingine nitampa njiani. Tulipofika Kigongo, kwenye kivuko cha kwenda Busisi, akazima injini. Akasema havuki mpaka aione fedha yake yote.

Tulikaa pale tangu asubuhi. Pantoni ilikuja, ikapakia mabasi na ng'ombe, ikaondoka, ikarudi. Wachezaji walikaa juu ya mawe wakiwa wamevaa jezi, wakigawana mahindi ya kuchoma. Nahodha alikuwa akiniuliza kila pantoni inapotia nanga, mama, hii tunapanda? Nami namjibu ijayo. Ng'ambo naiona kabisa, na watu wake nawaona. Saa kumi, wakati wenzetu wa Geita wanapewa ushindi wa mezani, sisi tulikuwa bado tunaangalia maji.

Jumamosi iliyofuata kamati iliitwa. Mwenyekiti aliweka kitabu changu mezani, akafungua mapato ya mwaka uliopita na ya mwaka ule. Watazamaji ni wale wale, alisema, fedha imekwenda wapi? Mzee Masalu akaitwa kutoka nje. Alivua kofia, akaeleza kwamba watu wengi wanaingia kwa kadi. Mwenyekiti akanigeukia akaniuliza kadi za msimu ule zimeuzwa ngapi. Nikajibu hamsini.

"Basi hao wengine anawaingiza yeye na kuweka mfukoni," mwenyekiti alisema. "Mama, wewe ndiye mwenye hesabu. Inawezekana?"

Mzee Masalu aliniangalia. Alikuwa ananingoja. Nikaangalia kitabu kama vile jibu liko humo.

"Inawezekana," nikasema.

Hilo tu. Sikusema ameiba.  Lakini yule mzee alivaa kofia yake akatoka, na nikasikia mkewe akimwuliza nje kulikoni.

Kufikia Jumatatu habari ilikuwa imefika Mabatini na Igogo. Mama wa watu alihamishwa pale kwenye uzio, karai lake likapigwa teke. Vijana walikuwa wakimwona mzee njiani wanashika mifuko yao na kucheka. Mwezi haukuisha, wakafunga virago wakarudi Kisesa kulima.

Timu ilishuka, halafu ikafa. Uwanja ukauzwa pamoja na kiwanda, sasa ni ghala. Wenye kadi za njano walikuja nyumbani kwangu, watu wa heshima, hawakupiga kelele. Walizitoa kadi wakauliza watafanyaje. Nikawajibu kwamba fedha ya geti iliibiwa, wasamehe. Wakatikisa vichwa, wakamlaani Mzee Masalu, wakanipa pole. Pole, mimi! Kila aliyekuja nilimrudia maneno yale yale, na kila mara yalikuwa mepesi zaidi mdomoni na mazito zaidi nikilala.

Kibaya zaidi ni kwamba nilipata sifa. Watu walisema mama yule ndiye aliyegundua mwizi. Usharika wetu ukanichagua kuwa mtunza hazina. Nikakataa mara mbili, wakaona ni unyenyekevu, wakanichagua kwa kauli moja. Mume wangu alifurahi akawaandikia ndugu zangu Bukoba. Niambie, ningeanzia wapi? Kila mlango niliotaka kutokea, kulikuwa na mtu amesimama akinisifu.

Mwaka jana nilishindwa kuvumilia. Nikapanda gari mpaka Kisesa, nikauliza, nikaonyeshwa. Nilimkuta anachambua pamba uani na mkewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akanipa kigoda. Mkewe aliinuka akaingia ndani, hakutoka tena.

Nikamweleza yote. Kadi za njano, kitabu, lile jibu langu. Nililia. Yeye aliendelea kutoa taka kwenye pamba.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Kadi zote nilizoonyeshwa getini zilikuwa na muhuri, na muhuri ulikaa kwako."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema angesema nini? Mimi nina vitabu, nina kamati, yeye ana kofia mkononi. Angeongeza tu kosa la kumsingizia mke wa mtu.

Nikaomba anisamehe. Akasema alishanisamehe zamani, asingeweza kulima na kinyongo. Kisha akaacha pamba, akaniangalia kama alivyoniangalia siku ya kamati.

"Lakini mimi huniambii jambo jipya, mwanangu. Wanaoniita mwizi wako Mwanza. Kawaambie wao."

Nikamwahidi. Nilisema nitawaambia Jumapili, kanisani, wengi wao wakiwepo. Jumapili ikafika, nikaitwa mbele kusoma matoleo. Nilisimama. Niliwaona wenye kadi zangu, safu ya tatu, ya nne. Nikasoma matoleo, nikasema Bwana asifiwe, nikakaa.

Nikajiambia Jumapili ijayo. Zilipita nyingi.

Mzee Masalu alifariki kabla ya masika. Nilikwenda kuzika. Nyuma yangu kaburini mwanaume mmoja wa mjini alimnong'oneza mwenzake kwamba huyu ndiye yule aliyekula fedha za geti. Nilisikia kila neno. Mtoto wa marehemu, binti mkubwa, naye alisikia, akainamisha kichwa. Ningegeuka tu. Nilikuwa na hatua mbili. Nilibaki nikiangalia udongo mpaka wakamaliza.

Ndiyo maana nimeandika. Najua barua isiyo na jina ni nusu ya nilichoahidi, labda chini ya nusu. Sijapata ujasiri wa kutoa nusu iliyobaki.

Wewe unayeshika fedha za wenzako, za timu, za kanisa, za chama cha kuzikana, hesabu zikikushinda sema siku hiyo hiyo, zikiwa bado ni aibu ya hesabu tu. Usingoje. Ukingoja utahitaji mtu wa kukubebea lawama, na utampata, kwa sababu katika kila kundi yupo mmoja ambaye akisema hapana hakuna anayemsikiliza.