Antena Iliyokataa Kuangalia Congo

Niseme mapema, kabla hamjasikia kwa wengine: yule mtoto aliyetoboa paa, akatua katikati ya wazee wa kanisa akiwa na chupi tu, suruali yake imebaki juu ya antena inapepea kama bendera ya nchi isiyojulikana, ni mimi. Na ile chupi ilikuwa ya dada yangu. Basi, nimemaliza. Sasa tuongee kama watu wazima.

Nyie mliokulia Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, miaka yetu mnanielewa. Tulicheza mpira wa makaratasi mpaka kucha zinang'oka, tunarudi nyumbani na vumbi mpaka mama anauliza huyu ni wa kwangu au wa jirani. Unakula sombe, yaani kisamvu, na maharagwe, moshi unakutoa machozi, unaongeza bugali. Watoto wa leo simu ikikosa chaji wanalala kitandani kama wana malaria.

Papa, baba yangu, alikuwa anapeleka samaki wa ziwani mjini Mbarara, na huko akazoeana na askari mmoja wa kambi ya jeshi. Sisi tulimwita Afande tu. Afande alikuwa anahamishwa, mizigo ikawa mingi, akampa Papa televisheni yake ndogo, ile ya picha nyeusi na nyeupe, yenye tumbo kubwa nyuma. Papa alikuja nayo imefungwa kwenye blanketi, ameipakata. Majirani wakaja kuiangalia kama vile mama amejifungua. Mmoja alileta sabuni.

Hapo ndipo Papa alipojichongea. Wiki ile kanisa lilikuwa linatafuta shemasi mpya, na Papa aliutaka ushemasi mpaka alikuwa anafanya mazoezi ya kukohoa kama shemasi. Jumapili, baada ya ibada, akasimama.

"Bandugu, leo timu yetu ya Congo inacheza. Saa kumi bote mukuje kwangu. Mutaiona na macho yenu."

Watu wakapiga vigelegele. Mama hakupiga, kwa sababu alijua antena hatuna.

Afande akaja mchana na vyuma vyake. Akavipinda, akaomba vifuniko viwili vya sufuria za mama, akavifunga na waya, akaweka yote juu ya mti mrefu wa kalitusi uliosimamishwa kando ya ukuta. Kitu kilifanana na mifupa ya samaki aliyekula sufuria. Nyumba yetu iliezekwa na shitingi, ile plastiki nyeupe tuliyopewa wote, kwa hiyo mtu mzima hakuweza kupanda. Wakaangalia nani mwepesi. Mimi nilikuwa mwembamba hivi kwamba upepo ulikuwa unaniomba ruhusa. Nikapandishwa paani, nikashika mti, nikiwa na suruali yangu ya shule.

Wazee walikuwa wameshafika, kila mmoja na kiti chake. Televisheni ikaunganishwa kwenye betri ya gari. Chenga tupu.

"Geuza Mbarara!" Afande akanipigia kelele. "Hii kitu inatoka Mbarara!"

Papa akamsimamisha. "Ngoja, Afande. Mechi ni ya nani?"

"Ya Congo, mzee."

"Sasa Congo iko Mbarara?"

"Mzee, mimi iko askari. Mimi najua mambo ya mawimbi."

"Na miye nilitoka Congo na miguu," Papa akasema. "Fasi Congo iko, weye njo utanionyesha?"

Wazee wote wakasema amina. Utabishana vipi na mtu aliyetembea? Nikageuza antena kuangalia Congo. Chenga zikaongezeka.

Mzee Yona, mkubwa wa wazee wa kanisa, akatoka nje na fimbo, akaangalia juu. "Muko naelekeza Goma. Siye ni batu ba Fizi. Shusha kidogo."

Nikashusha. Mwingine akasema hapana, kwanza tupitie Uvira, hata sisi tulipita Uvira. Nikapitia Uvira. Rafiki yangu Bahati alikuwa mlangoni, kazi yake kunipa habari za ndani.

"Bado! Bado! Imekuja! Imeenda! Mbona umepumua?"

Muchungaji akaombea vifuniko vya sufuria. Hakuna kitu. Mzee Yona akaanza kukunja kiti chake, pole pole, ili kila mtu aone. "Mutu anaita kanisa muzima kuja kuangalia mvua," akasema.

Nikiwa juu nilimuona Papa. Ushemasi ulikuwa unaenda na kile kiti. Akapiga kelele: "Mwanangu, Congo! Kaza Congo!" Afande naye: "Mbarara, wewe kijana! Mbarara!" Mimi mtoto mwenye heshima nikajaribu kuwatii wote wawili. Suruali ikanasa kwenye chuma, mguu ukateleza, antena ikazunguka na mimi, kifungo kikaniaga, na shitingi ikasema *pwaaa*.

Nilitua mbele ya televisheni. Halafu watu wote wakaruka juu wakipiga kelele, nami nikafunika nilichoweza kufunika.

"Toka mbele!" Mzee Yona akanisukuma kichwa na fimbo.

Picha ilikuwa imekuja. Safi. Hata jasho la wachezaji unaliona. Antena ilikuwa inaangalia kule Kikagate, mpakani na Tanzania, fasi ambayo hakuna hata mmoja aliyeitaja. Mtangazaji alikuwa anamwaga Kiswahili laini, kimepigwa pasi, mpaka Mzee Yona akauliza, "Huyu anasema luga gani?"

"Kiswahili, mzee," Papa akajibu haraka. "Kile cha mu Biblia."

Mama akataka kuiteremsha suruali yangu kutoka kwenye antena. Wanaume wote wakasimama. "Mama, usiguse!" Nikafungwa kitenge, nikaangalia mechi kama bibi harusi. Tukafungwa goli, tukalia pamoja, tukarudishiana viti.

Jumapili iliyofuata Papa akawa shemasi. Mzee Yona alieleza sababu mbele ya kanisa: "Abrahamu alikubali kutoa mutoto. Huyu ametoa mutoto na suruali."

Shule nilikwenda na suruali ya Papa, nimeishika kwa mkono mmoja. Ndio maana hesabu za kugawanya zilinipita.

Siku hizi nakaa Nyamityobora, Mbarara, na kazi yangu, msicheke, ni kufunga madishi. Napanda, simu inanionyesha upande, nakaza, nashuka. Hakuna wa kusema bado, bado. Mwenye nyumba yuko ndani na simu yake, mke na yake, watoto wana waya masikioni, kila mmoja anacheka kitu chake. Ninamaliza, nasimama pale juu kidogo, nangoja mtu anipigie kelele. Wanafikiri nasikia kizunguzungu.

Juzi nikamwambia Bahati haya yote. Siku hizi yuko Amerika, tunaongea kwa simu ya kuonana. Alicheka mpaka akaweka simu chini, nikabaki naangalia dari ya nyumba yake, nyeupe, bila hata ufa. Aliporudi akasema:

"Ndugu yangu, huku niko na televisheni kubwa kama mulango. Lakini hii dari ni nguvu sana. Hakuna mutu anaweza kuniangukia."