Disiki ya Methuselah

Alaso amepika miaka mingi katika chuo kimoja cha ufundi hapa Malaba, na ukimwuliza nani aliyewahi kumkasirisha kupita wote, hatakuzungusha. Atakutajia Methuselah, tena kwa kusonya.

Zamani jiko lile lilikuwa na kelele tamu. Alaso na mama Ajiko, Wateso, wakipiga soga kwa Kiteso. Edinah, Mluhya wa Marachi, akizitukana kuni mbichi kwa Kiteso hicho hicho, akiwashinda wenyewe. Muuza matoke wa ng'ambo ya mpaka akiingia na salamu yake ya "oli otya", akiitikiwa "mulembe" ya Kiluhya. Kila mtu alisema alichojaliwa, na ugali uliiva. Ndipo akaletwa Methuselah, msimamizi mpya, na tai yake shingoni. "Hii ni taasisi," akasema. "Ni Kiingereza au Kiswahili. Lugha za kijijini ziachwe getini."

Ungedhani ni maneno tu. Wapi! Kesho yake akaja na disiki, kile kipande cha mbao chenye kamba ambacho watoto huvishwa shuleni wakisikika na lugha ya mama. Watoto, jamani! Yeye akawavisha wanawake wenye wajukuu. Aliyeivaa aliivua tu kwa kumnasa mwenzake akiteleza, na aliyebaki nayo jioni alisugua sufuria zote peke yake.

Ajiko ndiye aliyekomeshwa. Kiswahili chake ni cha soko la Angurai: bei, salamu na pole, basi. Akawa anawapakulia vijana ugali huku mbao ikining'inia kifuani, nao wanacheka. Mwishowe akanyamaza kabisa. Jiko zima likanyamaza, kila mmoja akimvizia mwenzake. Alaso naye, kwa kuwa ana watoto wa kusomesha, akafyata ulimi.

Asubuhi moja ya mandazi, Alaso alikuwa ameinama akichochea moto. Jiwe moja la jiko likateleza, karai la mafuta likaanza kulalia upande wake. Ajiko alikuwa amesimama pale pale. Akafungua mdomo, lakini sauti haikutoka. Mafuta yakamwagikia mkono wa Alaso kuanzia kiwiko hadi vidole.

Methuselah akaona amepata sababu. Akamshtaki Ajiko kwa mkuu wa chuo, madam Roselyn: mama huyu ni mzembe, aliona hatari akakaa kimya, afutwe kazi. Alaso naye akaitwa, akiwa na bandeji yake, athibitishe.

"Uliona karai likianguka?" madam akamwuliza Ajiko.

"Mimi naona."

"Sasa mbona hukumwambia mwenzako?"

"Mimi... mdomo..." Kiswahili kikamkatikia hapo. Methuselah akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililompandisha Alaso mori.

"Sema Kiteso, mama!" akafoka.

"Hapa ni ofisini," Methuselah akaanza.

"Wewe nyamaza! Umetunyamazisha vya kutosha!"

Ajiko akasema, kwanza polepole, kisha kwa kilio. Alaso akatafsiri, machozi ya hasira yakimtoka.

"Anasema aliona. Neno lilikuwa mdomoni tayari, la Kiteso, neno moja tu. Akaikumbuka disiki. Akalimeza, akaanza kutafuta la Kiswahili, na alipolipata mimi nilikuwa nimeshaungua. Anasema tangu siku hiyo hapati usingizi."

Madam Roselyn akawatazama mmoja mmoja. "Disiki gani?" akauliza.

Kumbe hakujua! Hilo nalo lilimchoma Alaso upya. Madam huyu hula ugali wao kila mchana, anapakuliwa na Ajiko mwenyewe, na hajawahi kumtazama hata aone kilichomning'inia shingoni.

Ajiko alibaki kazini. Disiki ilitupwa motoni siku ile ile, na Edinah akahakikisha imeungua yote. Jumatatu Methuselah akaja jikoni bila tai, akasimama mbele ya Alaso, akikohoa kohoa.

"Mama Alaso, nimekuja kukupa pole."

Alaso alikuwa akikanda unga kwa mkono mmoja. Hakuinua macho.

"Mimi mkono utapona," akasema. "Pole hiyo mpe Ajiko, na umpe kwa Kiteso. Kama hujui, simama hapo hapo ulitafute neno, kama alivyolitafuta yeye."