Majani ya Tuta la Mama

Fukusi walikuwa wamemaliza akiba ya mama. Ilibaki mbegu kidogo tu ya yale maharage meusi aliyoachiwa na bibi, akaipanda kwenye tuta moja nyuma ya nyumba, hapo Malangali. Ni tuta letu la Kifipa, la duara, nyasi zimefukiwa ndani zioze. Yasipozaa, basi, mbegu imekwisha. Sokoni haipo, nimeitafuta mpaka nimechoka.

Yalipoanza kutoa maua akaja wifi yangu, mke mpya wa kaka. Kwao ni wafugaji waliohamia Milepa kutoka Kanda ya Ziwa, na mboga za majani wanazianika juani, wanazitunza kwa ajili ya kiangazi. Siku hiyo mimi na mama tulikuwa kanisani. Tuliporudi tukakuta ungo umejaa majani, na kwenye tuta vijiti vitupu.

"Shikamoo mama. Nimekuanikia mboga," akasema, anatabasamu.

Mungu wangu! Nilipandisha hasira hapo hapo. "Wifi, umechuma yote? Jani ndilo linalopika! Linavuta hewa, mizizi inaleta maji, jua ndilo kuni. Sasa yatakula nini haya? Nani atayapelekea ugali?" Na mengine nikaongeza. Machozi yakamtoka.

"Hebu nyamaza wewe," mama akaniambia. Akageuza yale majani kwenye ungo ili yakauke vizuri.

Mimi nikarudi zangu Izia, ninakoishi, kwenye shughuli zangu. Wifi akabaki na lile tuta. Asubuhi anamwagia maji, mchana anafukuza kuku, na vijani vilipochipua hata mama hakuruhusiwa kuvigusa. Maua yakatoka tena, machache, na maganda yakawa membamba.

Siku ya kupukuchua nilikuwepo. Punje hazikujaa kiganja. Mama akazifunga kwenye kitambaa, nami nikanyoosha mkono, maana binti ni mimi, na bibi alikuwa bibi yangu. Akampa wifi.

"Mama! Si ndiye aliyeyachuma?"

"Ndiye. Na wewe unajua sana jani linavyopika," akasema, "ila kwenye tuta sikukuona."

Iliniuma, sifichi. Siku hizi nikitaka maharage ya bibi, namwomba wifi.